Picha Zilizopotea Majina

Mto Rusizi ulipofurika Gatumba, Burundi, Aprili 2020, shangazi wa mume wangu aliokoa wajukuu, godoro moja na msahafu. Albamu alizikuta baadaye kwenye tope. Kurasa zilikuwa zimegandana, na kila tulipojaribu kuzibandua, sura za watu zilibaki kwenye plastiki na karatasi ikatoka nyeupe. Ukoo ukaamua kwamba picha zilizosalia Buyenzi, Uvira, Kigoma na kwa walioko Ubelgiji zikusanywe mahali pamoja. Mahali penyewe pakawa sebuleni kwetu Kinindo, Bujumbura, kwa kuwa baba watoto ndiye mwenye kompyuta na subira.

Zikaja kwa kila njia: flashi zilizofungwa kwenye ncha ya leso, kadi zilizotolewa kwenye simu mbovu, bahasha za picha za karatasi ambazo binti yangu alizipiga upya kwa simu karibu na dirisha. Baba watoto alizipanga zote kwenye diski moja ya nje. Kila jina la faili lilianza na mwaka, likafuata mwezi, kisha siku, ili kompyuta ijipangie mfuatano yenyewe. Zilifika zaidi ya elfu arobaini, na ilikuwa raha kuzitazama.

Jioni moja ya masika umeme ukakatika, ukarudi, ukakatika tena, diski ikiwa katikati ya kuandika. Ulipotulia, kompyuta ilidai diski haisomeki na ikauliza kama tunataka kuiandaa upya. Mpwa wetu anayesoma informatiki aliruka kutoka kwenye kochi. “Mjomba, usibonyeze kitu!”

Alitueleza kwamba picha bado zimo. Kilichoharibika ni orodha inayoonyesha kila faili imekaa wapi, na ukiandika kitu kipya juu yake ndipo unapozipoteza kweli. Akatumia PhotoRec, programu ya bure iliyotungwa na Mfaransa Christophe Grenier. Haina haja na orodha: huisoma diski kipande kwa kipande ikitafuta alama ambayo kila picha ya JPEG huanza nayo, na inachokipata hukihifadhi kwenye diski nyingine. Tuliiacha ifanye kazi usiku kucha. Asubuhi karibu picha zote zilikuwa zimerudi, lakini hakuna hata moja iliyorudi na jina lake. Kila moja iliitwa herufi f na mlolongo wa tarakimu.

Nyingine zilijieleza, maana picha ya kamera hubeba tarehe na saa ndani yake, na programu ya digiKam ilizisoma ikazipanga upya. Kamera ya shemeji haikuwahi kurekebishwa saa, kwa hiyo kwake harusi, matanga na Idi vyote viliangukia Januari mosi ya mwaka mmoja. Zilizotusumbua zaidi ni zile za WhatsApp. Inapotuma picha, hupunguza ukubwa wake na kuondoa tarehe ya ndani. Tarehe huonekana kwenye jina la faili tu, na jina ndilo tulilokuwa tumepoteza.

Hapo mama mkwe alihamia kwetu kutoka Buyenzi. Alivuta kiti mbele ya kompyuta, akavaa miwani, na kazi ikaanza upya. “Geti bado la bluu, basi babu yenu alikuwa hai.” “Huyu amevaa vazi la imvutano nililomwazima mimi, ni posa ya dada yake.” Harusi moja aliitambua papo hapo: “Hii ni ya mwaka wa embago. Mnaona gari hapo?” Kweli, halikuwepo hata moja. Mwaka 1996 nchi jirani zilipotuwekea vikwazo baada ya mapinduzi ya Julai, mafuta yalikuwa adimu, na wageni wale walikuja kwa miguu. Picha moja tu ilimshinda, ile ya Kigoma, yeye akiwa msichana na meli ya Liemba nyuma yake. Meli hiyo ina jina hilo tangu 1927, haiwezi kumsaidia mtu kujua mwaka.

Mpwa aliyaandika maneno ya bibi ndani ya picha yenyewe, sehemu ya maelezo, si kwenye jina la faili wala la folda. Natamani kila nyumba ifanye hivyo: hata diski ikivurugika tena, maneno yatarudi pamoja na picha.

Ugomvi ulizuka kwenye nakala. Zile zinazofanana kabisa zilifutwa bila maneno. Zile zinazokaribiana ndizo zilizotuponza. Baba watoto alichagua picha kali ya marehemu wifi yangu na kutaka kufuta iliyotikisika. “Hiyo ndiyo anayocheka,” mama alisema, akaweka mkono juu ya kibodi. Nilikuwa upande wake. Picha ipo.

Sasa tunafuata kanuni aliyoieneza mpiga picha Mmarekani Peter Krogh: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae mbali. Ya mbali itakwenda Kigoma na shemeji atakayepitia Manyovu baada ya Idi. Mama amekataa iondoke kabla hajamaliza 1996, na juzi shangazi wa Gatumba ameleta bahasha nyingine ya mwaka huohuo.