Dawa Moja, Magonjwa Yote

Ifakara mjini kuna fundi wa kompyuta mwenye dawa moja tu: difragi, yaani kuipanga upya diski. Laptopu ikichelewa kuwaka, difragi. Printa ikigoma, difragi. Ukilalamika mchele umepanda bei, nadhani atakuuliza hadi diski yako uliipanga lini.

Tusimwonee. Enzi zake dawa ilitibu. Hadi diski ya zamani ni sahani inayozunguka mara 5,400 au 7,200 kwa dakika, na kichwa cha kusomea kinahamahama juu yake. Faili likitawanyika vipande, kichwa hicho huwa kama mkulima wa kwetu Michenga mwenye jaruba moja bondeni, jingine ng'ambo ya mto, la tatu kwa wakwe: ekari ni zilezile, ila siku nzima yuko njiani. Kila safari hula kama milisekunde 10. Difragi ilimkusanyia majaruba yote pamoja, na watu wa Windows 98 tulikesha tukitazama vijumba vya rangi vikihama kwenye skrini.

Lakini laptopu yangu, niliyompelekea ikiwa nzito, ina SSD. Humo hamna sahani wala kichwa, ni chipu tupu. Kipande cha mbali hufikiwa upesi sawa na cha jirani.

"Mwalimu, mafaili yako yametawanyika sana," fundi akanipa pole.

Nikamweleza kwamba chipu hizo huchakaa kwa kuandikwa mara kwa mara, na kwamba SSD hutawanya data yenyewe, makusudi, ili zichakae kwa usawa. Tangu Windows 8 ya 2012, kompyuta ikitambua SSD kwa kawaida huiarifu tu ni data ipi imeshafutwa. Windows 7 ndiyo iliyopanga difragi kila Jumatano saa saba usiku, saa ambayo Michenga nzima imelala, kompyuta zikiwemo.

Akanisikiliza kwa adabu zote, kisha akabonyeza.

Umeme ukakatika. Betri yangu ilishajifia zamani, kwa hiyo matibabu yakaishia hapo. Sijawahi kuushukuru mgao kiasi kile.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa shibe: diski imejaa video za sendofu za ukoo mzima, na SSD iliyojaa hadi shingoni huwa nzito. Dawa ni kufuta. Sasa naelewa kwa nini watu hupenda difragi: inapanga bila kumgusa mtu. Mimi nikimfuta shangazi akiserebuka, ukoo utaitisha kikao, na mchango wa kikao nitatoa mimi.