Panzi wa Mheshimiwa Spika

Wanyama wa bonde la Mibuyu walipounda bunge lao, hawakuweka kikomo cha kusema. Nyani akaanza kuchangia muswada wa ndizi asubuhi, jua likatua bado yuko kwenye habari za mjomba wake aliyeanguka mtini, na kesho yake akaomba aendelee pale alipoishia. Hata Kobe, mwenye subira kuliko wote, alikubali kwamba kipimo lazima kiwepo. Akatafutwa Konokono. Akianza kutambaa, mheshimiwa anaanza kusema. Akifika mzizi wa pili wa mbuyu, kengele ya kwanza. Akifika wa tatu, kengele ya pili, mheshimiwa anakaa. Ilikuwa kanuni nzuri. Nasema hivyo bila kejeli, maana kejeli inaanza sasa hivi.

Kiangazi kimoja Waziri wa Maji, Mheshimiwa Fisi, aliingia na Muswada wa Kisima, vifungu 60, ukiwa na hati ya dharura: eti kiu haisubiri. Kisima chenyewe kilikuwa kimejaa mpaka mdomoni. Spika Kiboko akasema, "Waheshimiwa, wachangiaji ni wengi na muda hautoshi. Konokono atapumzika, tutamtumia Mjusi." Twiga akaomba mwongozo: kanuni inabadilishwaje bila kujadiliwa? Akajibiwa kwamba mjadala huo unaruhusiwa, ila nao utapimwa na Mjusi. Mjusi alikuwa ameshafika.

Akaitwa Kasuku. "Mheshimiwa Spika, nakushukuru kwa kunipa nafasi. Namshukuru Mwenyezi Mungu aliyetujalia afya. Nampongeza Mheshimiwa Simba kwa kazi kubwa anayoifanya. Nampongeza Waziri Fisi, naibu wake Mbweha na watendaji wote wa wizara; wanyama wa jimboni kwangu wamenituma nimwambie kwamba wana imani naye. Naunga mkono hoja asilimia mia moja!" Magogo yakapigwa makofi. Kisima hakikutajwa. Wakafuata Bata, Kanga na Kondoo, kila mmoja na pongezi zake, na Kondoo hakuwahi kufika kwa naibu waziri.

Zamu ya Kobe ilipofika, Spika alilitazama jua. "Muda umetubana, Mheshimiwa Kobe. Nitakupa Panzi."

Panzi haruki mara mbili. Akishatua, umekwisha.

Kobe ndiye pekee aliyeusoma muswada. Aliusoma usiku kucha, kifungu kwa kifungu, na jani moja alikuwa amelikunja ncha ili asilipoteze. Hakushukuru wala hakupongeza. "Mheshimiwa Spika, kifungu cha 41 kinasema mlinzi wa kisima atakuwa mnyama mwenye..."

Panzi akaruka.

"Kengele ya pili hiyo, Mheshimiwa."

"Ya kwanza sijaisikia."

"Zimegongwa pamoja. Yaliyobaki lete kwa maandishi."

Fisi akainuka kuhitimisha hoja yake. Kwa ajili yake aliamshwa Konokono.

"Wanaoafiki waseme ndiyo." Bonde likatikisika. "Wasioafiki waseme siyo." Twiga akasema, Chura akasema, Kobe alikuwa bado anafungua kinywa. "Nadhani waliosema ndiyo wameshinda."

Msomaji asije akadhani nasimulia habari za binadamu. Binadamu wana ustaarabu wao. Mwaka 2015 miswada mitatu ya mafuta na gesi iliingia bungeni Dodoma kwa hati ya dharura, siku chache tu kabla Bunge halijavunjwa, na wabunge wa upinzani waliosimama kuipinga haraka hiyo wakatolewa nje. Kule Nairobi, Desemba 2014, muswada wa kurekebisha sheria za usalama ulipita katikati ya vurugu na kumwagiana maji. Februari iliyofuata Mahakama Kuu ikavifuta vifungu vyake vinane. Wanyama wa Mibuyu hawana Mahakama Kuu.

Basi, wiki ya pili Kasuku akaenda kunywa. Alimkuta Fisi amekaa mdomoni mwa kisima, sheria mkononi. Fisi hakuwa na haraka tena. Akamsomea kifungu cha 41 neno kwa neno: mlinzi atakuwa mnyama mwenye meno makali kuliko wote waliopo kisimani, na kila anywaye atalipa kwa alichonacho mwilini.

"Mbona hatukuambiwa?" Kasuku akalalama.

"Wewe ulichangia, Mheshimiwa. Asilimia mia moja."

Kasuku akalipa manyoya matatu ya mkia, akanywa, akaenda moja kwa moja kwa Kobe kumuuliza vifungu vingine 59 vinasema nini. Kobe akamwambia akae chini, maana maelezo ni marefu. Wakakaa mpaka alfajiri, na asubuhi wakaandika muswada wa marekebisho wakaupeleka kwa Spika.

Spika ameupokea vizuri. Umeshapangiwa nafasi katika kikao kijacho, siku ya mwisho, jioni, na Panzi amekwisha kuarifiwa.