Risasi za Mkono: Mhadhara wa Gereji

Mheshimiwa mwenye nyumba, ambaye ni mimi, wageni waalikwa, na wewe bwana uliyekuja kufuata kiti chako, kaa kwanza, nitakurudishia nikimaliza. Karibuni katika gereji hii ya hapa Missoula, Montana, ambayo kuanzia leo naomba iitwe maabara.

Mengi yamesemwa juu yangu, na sehemu kubwa niliyasema mwenyewe. Itoshe kuwakumbusha kwamba mnaniita Profesa kwa hiari yenu, baada ya mimi kuwaomba kwa muda wa miaka minne. Cheti kile ukutani ni cha foklifti, ndiyo, lakini tazameni fremu.

Mada yetu: namna ya kujijazia risasi za rivolva kwa usalama, ili mtu akipanda milimani akakutana na dubu asiaibike. Nitafundisha kwa vitendo. Hiki ni kibao chenye matundu hamsini, na kila tundu lina ganda tupu lililosafishwa. Nitakuwa natia baruti ganda moja moja huku nazungumza, kwa maana Mungu amenijalia kufanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Moja. Mbili. Tatu.

Risasi ina sehemu nne. Ganda la shaba, baruti, kichwa, ndicho kinachoruka, na hapa kitakoni, fataki. Naona dada zangu wa Dar mnachekeana. Simsemi yule fataki wa redioni aliyekuwa akiwawinda wanafunzi. Hii ni punje ndogo kama dengu. Nyundo ikiigonga inatoa cheche, cheche inawasha baruti, baruti inageuka gesi, gesi inakisukuma kichwa nje. Ingawa hata yule wa redioni naye hukaa kimya mpaka siku ya kuharibu. Kumi na moja. Kumi na mbili.

Kazi hii iko damuni. Babu yangu mzaa baba, kule Ujiji, alikuwa na gobore, na baruti aliipima kwa kizibo cha chupa, bila mizani wala kitabu. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na vidole vitatu. Watu walitoka mbali kuja kuusalimia.

Wazungu nao wana babu yao, Elmer Keith, mfugaji wa Idaho mwenye kofia pana, mtume wa rivolva za nguvu. Nikisoma maisha yake naona kama najisoma. Tarehe 4 Julai 1925, Wamarekani wakisherehekea uhuru wao, yeye alikuwa akifyatua risasi alizozijaza mwenyewe, kwa mkono mzito, na silinda ya Colt yake ya .45 ikapasuka. Hapo hatufanani sana; yangu ilivimba mtutu tu. Keith akahamia .44 Special, akaihubiri miaka na miaka, hata mwaka 1955 ikazaliwa .44 Magnum. Mimi nimehubiri kwa miaka minne na tayari nina watu watano, tukimhesabu bwana wa kiti.

Nani ameuliza mtutu ulivimbaje? Hakuna? Nitajibu hata hivyo. Ganda moja lilikosa baruti. Fataki peke yake ikakisukuma kichwa hadi katikati ya mtutu, kikanasa. Badala ya “paa” ikatoka “pu”. Mzee huyu wa Bukavu alikuwa ubavuni mwangu kiwanjani, akanigusa bega: “Papa, acha kwanza.” Nikamfahamisha kwamba anaongea na Profesa, nikafyatua ya pili. Kwa hiyo andikeni: ukisikia “pu”, silaha chini, toa risasi zote, chungulia mtutu. Na Mzee, huna haja ya kutikisa kichwa hivyo, yalishapita.

Kumi na sita. Kumi na saba. Ya kumi na saba nimeshatia? Tuseme bado. Kumi na saba.

Swali kutoka kwa binti wa duka la dawa: mizani yangu inasoma greni au gramu? Binti, punguza papara. Vitabu vya Marekani hupima baruti kwa greni. Ratili moja ni greni 7,000, na gramu moja ni greni 15 na ushei. Mizani hii ina kitufe cha kubadilisha, na asubuhi nilikibonyeza nimpimie Mama Watoto hamira. Kama nilikirudisha? Tutumie akili: ingekuwa gramu, baruti ingemwagika nje ya ganda. Imemwagika? Haijamwagika. Huo unaitwa utafiti.

Kwa kuwa tumefika hapo, wataalamu wadogo hushauri uchague baruti inayojaza nafasi, ili ukipitiwa ukatia mara mbili ifurike uione. Mimi natumia ile ya kasi. Kipimo chake kimoja kinapotelea chini ya ganda kama sukari kwenye chai ya mwisho wa mwezi, ndiyo maana kopo linadumu. Wanashauri pia kopo la baruti mezani liwe moja tu. Mimi ninayo mawili, hili na hili, yote wazi, kwa sababu nayajua kwa sura kama mzazi anavyowajua mapacha wake. Mapacha wangu mwenyewe nawachanganya, lakini hilo ni la kifamilia. Na kitabu kinasema uanzie asilimia kumi chini ya kiwango cha juu, kisha upande pole pole. Kitabu nakiheshimu sana. Kiko pale chini ya mguu wa meza, isitikisike.

Thelathini. Samahani, simu. Haloo? Niko kwenye mhadhara. Mhadhara! Haya. Thelathini na mbili.

Sasa dubu. Dubu ana mafuta, misuli na mifupa mizito, hivyo anahitaji kichwa kizito cha risasi ngumu chenye pua bapa, kipenye. Rivolva yenyewe mimi napenda nyepesi, kwa ajili ya kiuno changu. Ila nyepesi ikirusha kizito hupiga teke, na teke lile huvichomoa vichwa vya risasi zilizobaki kutoka kwenye maganda yao, kidogo kidogo, mpaka kimoja kitokeze mbele ya silinda na silinda igome kuzunguka. Dawa yake ni kuukunja mdomo wa ganda uking'ate kichwa kwenye mfereji wake. Hatua hiyo naiacha, inaharibu umbo. Jumamosi iliyopita nilikwama baada ya risasi ya pili. Bahati njema, aliyesimama mbele yangu alikuwa karatasi.

Naona mkono tena. Binti, najua utasema pilipili. Nakiri, ile chupa ya kupulizia dubu ina historia katika mji huu huu: miaka ya 1980 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Montana aliijaribu kwa dubu wenyewe. Nakiri pia kwamba Smith na Herrero, waliokusanya matukio ya Alaska ya kuanzia 1985 hadi 2006, walikuta imewazuia dubu wa kahawia mara 92 katika kila 100. Lakini mtu wa Ujiji aokolewe na kiungo cha mchuzi? Pilipili usiyoila yakuwashiani!

Mama Watoto, hukuitwa. Basi, kwa kuwa ameshasimulia mlangoni hapo: ni kweli, Septemba dubu mweusi alikuja kwenye mti wetu wa matofaa, na ni kweli aliyetoka na sufuria, mwiko na chupa ni yeye. Sufuria ilitosha. Mimi nilikuwa ndani natafuta risasi zinazoingia. Kanuni ni kuitumbukiza kila risasi kwenye silinda ukiwa bado nyumbani, uone kama inaingia yenyewe. Nilikuwa naitekeleza kanuni hiyo wakati huo. Katika hamsini ziliingia sita, na mbili kati ya hizo fataki zilichomoza, silinda ikakwama.

Hamsini! Imekwisha. Kabla ya kubandika vichwa, mtu mwoga humulika kila ganda kwa tochi kuona kama baruti iko usawa mmoja. Binti, chukua tochi, ujifunze woga.

La kumi na saba limefanyaje? Mara mbili ya jirani zake. Na la thelathini na moja tupu kabisa.

Mpigieni makofi! Makosa hayo niliyapanda makusudi, kupima umakini wenu. Mzee, rudi ukae. Bwana wa kiti, nawe. Namwaga baruti yote irudi koponi tuanze upya, dakika chache tu. Kopo lenyewe nilikuwa nachota kwenye hili. Au hili?