Siku ya Tatu Mpeleke Gazi: Mwongozo wa Mwenyeji wa Ukunda

Simu huja wiki ya kwanza ya Desemba, na huja bila haraka. Shemeji wako wa Nairobi ataulizia afya ya watoto, bei ya nazi, hata habari za paka, kisha atasafisha koo: "Shemeji, mwaka huu tumeona tuje tupunge upepo." Hiyo "tu" ni watu saba. Nyumba yako ya Ukunda ina vyumba viwili, na upepo anaousema huishia mahotelini kabla haujafika kwako.

Usibabaike. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, ila hawakuijua likizo ya shule. Mwongozo huu ni wa siku sita. Umeandikwa kwa ajili yako wewe ambaye shemeji anaamini huoga baharini kila asubuhi kabla ya chai, ilhali mara ya mwisho kukanyaga mchanga wa Diani ilikuwa Idi, na hukuvua viatu.

Kanuni kuu ni moja: popote utakapompeleka, usikiri kwamba nawe ndiyo mara yako ya kwanza kufika.

Siku ya kwanza: Mchoshe

Akishuka treni Miritini, usimwambie habari za barabara ya Dongo Kundu. Barabara ile itamleta mpaka Kibundani bila kuona feri, naye atafika na nguvu za kudai matembezi jioni hiyo hiyo. Mpitishe Likoni. Kwa miguu kuvuka ni bure, na humo mna kila alichokifuata Pwani: joto, umati, harufu ya bahari, na mkokoteni wa ndizi utakaomkanyaga kidole. Akifika Ukunda atakula wali wa nazi na kulala. Siku moja imekwisha bila gharama.

Siku ya pili: Mwonyeshe bahari, kama ipo

Kabla ya kutoka, muulize mvuvi maji yanajaa saa ngapi. Mtu wa bara hudhani bahari hukaa mahali pamoja kama bwawa. Siku za bamvua maji yakipwa, bahari hujiondokea hadi kwenye mwamba, na shemeji atabaki amesimama mchangani na kaptura yake mpya akiuliza nani kaihamisha. Mweleze kwa upole kwamba maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa dakika kama 50. Mwenye malalamiko akazungumze na mwezi.

Pwani ni ya wananchi wote. Kazi ni kuifikia. Njia ni kichochoro kati ya kuta mbili za hoteli. Usisitesite kwenye kichochoro cha kwanza, kwani mwenyeji haulizi njia kwao. Mkishafika, mwonye shemeji asitaje jina lake. Jina likisikika tu, litakuwa limeshachongwa kwenye kishikio cha ufunguo, na kitu chenye jina lako hukirudishi dukani. Akibanwa sana, aseme anaitwa Maximilian. Herufi ni nyingi, atapata nafasi ya kukimbia.

Wakati wa kurudi mwonyeshe ngazi za kamba zilizotandazwa juu ya barabara ya Diani. Ziliwekwa na Colobus Conservation, shirika lililoanzishwa 1997, ili mbega wavuke bila kugongwa na magari. Shemeji atashangaa kuwa mbega wana kivuko chao kisicho na foleni. Mkate ukiibwa mezani, usimsingizie mbega: yeye ni mla majani, na dole gumba lake ni kibutu tu, hana vifaa vya wizi. Mtafute kima, tumbili, au mtoto wa tatu wa shemeji.

Siku ya tatu: Jembe

Wahenga hawapuuzwi. Mpeleke Gazi. Huko akina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao ndani ya msitu wa mikoko, na mgeni hutembea juu ya matope na viatu vyake safi. Mwambie kwa sauti ya mtu aliyezaliwa hapo kwamba huu ulikuwa mji wa Mbaruku bin Rashid, yule Mmazrui aliyewatoa Waingereza jasho mwaka 1895 na 1896.

Kisha mpe habari ya kumwumiza. Yeye amekuja kupunga hewa bure. Watu wa Gazi na Makongeni wanaiuza. Mikoko hufyonza hewa ya ukaa na kuizika matopeni, na tangu 2013 mradi wao wa Mikoko Pamoja unauza huduma hiyo kwa wanunuzi wa ng'ambo. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani kwa mikoko, na fedha zake zimeleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Shemeji akishaguswa, mtafutie mche aupande. Jembe halihitajiki: mche wa mkoko huchomekwa topeni kwa mkono. Methali imetimia, na hakuna aliyetukanwa.

Siku ya nne: Mnyamazishe

Watoto wakishapiga kelele siku tatu, nenda Kaya Kinondo. Ni msitu mtakatifu wa Wadigo, na UNESCO iliziingiza kaya za Mijikenda katika urithi wa dunia mwaka 2008. Kila mtu hufungwa kaniki nyeusi, humo hamna kubusiana, na hata jani hamtoki nalo.

Shemeji atakuuliza mti huu unaitwaje. Jibu: "Mwachie mzee aseme, ndiyo adabu." Mzee wa kaya atasema jina, dawa yake na ugonjwa wake, kisha atawaambia mkumbatie mti mkubwa na kuunong'oneza haja zenu. Ukijikuta wote wameshaondoka na wewe bado umeukumbatia, sema ulikuwa unafunga kamba za kiatu.

Siku ya tano: Kusini

Mtapita Msambweni. Unapajua kwa saa za kuona wagonjwa hospitalini, na hukuwahi kuuliza nyuma ya hospitali kuna nini. Kuna bahari, shemeji. Endesha.

Shimoni usitie chumvi. Pango lina giza la kutosha, na vyuma vilivyobaki ukutani havihitaji mfasiri: masimulizi ya kijiji ni kwamba watu walifungiwa humo wakingoja majahazi. Hata mtoto wa tatu atanyamaza. Wewe pia.

Halafu vukeni kwenda Wasini, kisiwa kisicho na gari hata moja, ambako akina mama nao wana njia yao ya mbao juu ya bustani ya matumbawe. Mkiongeza mashua hadi hifadhi ya Kisite, usiahidi pomboo. Hawajui kama umelipa.

Siku ya sita: Mlima

Siku ya mwisho pandeni Shimba Hills, hifadhi tangu 1968. Kila mtu mzima abebe kitambulisho, la sivyo atalipishwa kama Mzungu. Hapa ndipo mahali pekee nchini Kenya palipobaki palahala wa porini, yule swala mweusi mwenye pembe zilizopinda kama jambia. Askari wa wanyamapori atawateremsha kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick, yenye urefu wa zaidi ya mita 20. Kushuka ni raha. Kupanda kutamkumbusha shemeji kwamba basi la Nairobi ni kesho asubuhi.

Ila jihadhari nafsi yako. Utakuwa umewaona ndovu, umeiona bahari yote ya Diani kutoka juu, na utaanza kumwuliza askari: palahala wamebaki wangapi? Wanakula nini? Mbona hawashuki Kwale mjini? Shemeji ataacha kupiga picha akutazame. Askari, kwa ukarimu wa kazi yake, atakuuliza: "Na wewe, mzee, umetoka wapi?"

Hapo ndipo mwongozo unapofika mwisho. Sema Nairobi.