Jumapili Nimepanga, Jumatatu Nimepangiwa

Mwandishi wa riwaya anayetaka kujifunza kubuni aje aombe kusoma maandalio ya somo ya walimu wa shule ya msingi. Humo atakuta darasa lisilo na kelele, chaki isiyokatika, na watoto ambao dakika ya tano ya kipindi ikifika huwa wameshaelewa utangulizi, wametulia wanasubiri maarifa mapya. Nami ni mmoja wa waandishi hao. Kila Jumapili nikishafua na kupiga pasi, naketi mezani na kaunta buku, rula na kalamu za rangi mbili, naiandika wiki nzima ya Darasa la Tatu itakavyokuwa endapo mvua, gulio, mbuzi wa jirani na Serikali vyote vitakaa kimya mpaka Ijumaa.

Asiyeijua kazi hii ajue kwamba kila kipindi kina karatasi yake. Kuna tarehe, muda, umahiri mkuu, umahiri mahususi, zana, rejea, kisha hatua moja baada ya nyingine, mwisho tathmini na maoni. Juu kabisa kuna kijedwali cha idadi ya wanafunzi: waliosajiliwa na waliohudhuria, wasichana kwa wavulana. Wenzangu wenye imani kubwa huwajaza waliohudhuria hiyohiyo Jumapili.

Darasa langu lina watoto 94. Kwenye andalio la Kiswahili nimeandika kwa mwandiko wa kupendeza: “Kumwongoza kila mwanafunzi kusoma kwa sauti.” Kipindi ni dakika 40. Ukizigawa kwa watoto 94, kila mmoja anapata sekunde 25 na ushee, mimi nisipumue na asitokee wa kuomba ruhusa kwenda chooni. Na anayeomba ruhusa kwenda chooni hajawahi kuwa peke yake. Huenda na shahidi.

Hesabu hiyohiyo ndiyo iliyonifundisha adabu kwenye kazi za nyumbani. Nilipokuwa kijana nilitoa maswali kumi kwa mkupuo, nikajiona mwalimu mkali. Maswali kumi kwa watoto 94 ni majibu 940, na yanasahihishwa kwa kibatari siku umeme ukikatika. Sasa natoa maswali matano, na ninatetea kwa nguvu zote kwamba matano ndiyo yanayomfaa mtoto.

Wiki ninayotaka kuisimulia ilianza vizuri. Somo lilikuwa kugawanya, na kazi ya nyumbani ya Ijumaa iliyotangulia ilikuwa ya zana: kila mtoto aje na vijiti 20 vya kuhesabia. Huku kwetu Muheza miti si haba. Nilidhani watoto watapita kwenye miarobaini na michongoma. Lakini huku kwetu minazi nayo si haba, na mtoto wa miaka tisa anayekumbuka kazi ya nyumbani Jumatatu alfajiri, kiatu kimoja mguuni, haendi porini. Anakwenda nyuma ya mlango ulikolala ufagio wa chelewa.

Nilipoingia darasani niliona vijiti vimenyooka, vyepesi, urefu mmoja. Nikawasifu. Kipindi kilikuwa hakijafika katikati akasimama mlangoni mama mmoja, mkononi ameshika kamba ya mpira iliyofungwa kwenye njiti sita hivi.

“Habari za kazi, mwalimu.”

“Nzuri mama, karibu ndani.”

“Sikai. Nimefuata ufagio wangu.”

Mwanawe alikuwa ameshainama chini ya dawati. Tukamtoa, akahesabu njiti zake mbele ya darasa, akamkabidhi mama. Mama naye akazihesabu upya, kwa kidole, akasema zimepungua mbili. Ilibainika kwamba zile mbili zimekatwa vipande vitano-vitano ili jirani yake wa dawati, ambaye hakuleta kitu, naye apate vyake. Mama akavitazama vile vipande, akamtazama yule jirani, akasema, “Hivyo basi mwachie,” akaondoka. Nyuma yake walikuwa wamepanga foleni mama wengine wawili na bibi mmoja.

Jumanne niliipangia Hisabati, Sayansi na Kiswahili. Saa mbili asubuhi ikaja taarifa kwamba leo ni siku ya dawa za minyoo na kichocho. Dawa ni jambo jema, silisemi vibaya hata kidogo. Ninachosema ni kwamba minyoo haikuwamo kwenye azimio la kazi. Basi uji ukapikwa, maana dawa ya kichocho haitaki tumbo tupu, na nikakabidhiwa fito yenye alama. Idadi ya vidonge vya kichocho hutegemea kimo cha mtoto, kwa hiyo kila mmoja husimama kwenye fito, unatazama kichwa kimefikia alama gani, anapewa vyake. Vidonge vyenyewe ni vikubwa na vichungu. Kuna waliokunja magoti wapungue kimo. Kuna mmoja mrefu aliyeniambia kwa heshima zote kwamba yeye ni wa Darasa la Kwanza.

Alhamisi somo likawa vipimo vya urefu. Andalio lilikuwa limekamilika, na kwenye kisanduku cha zana nilikuwa nimeandika: rula ya mita. Nikaingia nayo begani. Darasa zima likafumba midomo. Walio karibu na dirisha hawakusubiri maelezo. Utangulizi, niliokuwa nimeupa dakika tano, ulikwisha nikiwa uwanjani nawashawishi watoto wanne walio juu ya mwembe kwamba sina kidonge mfukoni.

Kabla ya hapo ilipita siku ya gulio, ambayo ukiona nusu ya darasa imekuja mshukuru Mungu. Waliokuja niliwapa fumbo la kutoa: Juma ana machungwa 24, akampa Asha 9, amebaki na mangapi? Aliyetunga fumbo hilo hajawahi kuishi Muheza. Mkono ukanyooshwa nyuma.

“Mwalimu, amempa bure?”

“Ndiyo, amempa tu.”

“Wakati wa msimu au si wakati wa msimu?”

Mwingine akasema labda ni yale yaliyodondoka. Wa tatu akasema huyo Asha lazima ni dada yake, maana haiwezekani. Kesho yake madaftari yaliporudi, wengi walikuwa wamepata 15. Mmoja aliandika 15, kisha chini yake, kwa mwandiko safi, akaongeza: “Asha anadaiwa shilingi 900.” Nilimpa vema. Mia moja kwa chungwa ilikuwa ndiyo bei ya gulioni.

Lakini yote hayo ni mzaha mbele ya kazi ya nyumbani ya Historia ya Tanzania na Maadili. Mtaala mpya ulioanza kutumika 2024 unataka mtoto ajifunze kwa kutenda na kuuliza, nami naupenda kwa hilo. Nikaandika ubaoni: Muulize babu, bibi au mzee yeyote, kijiji chetu zamani kilikuwaje? Andika sentensi tano.

Mtoto wa kwanza kusimama alisoma hivi: “Zamani hapa palikuwa na msitu. Babu alifyeka msitu. Babu alipanda michungwa. Mzee wa nyumba ya bati jekundu alikuja kuomba pa kulima mihogo. Mpaka leo hajarudisha.”

Herufi kubwa ziko mahali pake, nukta ziko mahali pake, kila sentensi ina mtenda na kitenzi. Nikaweka vema kubwa nyekundu bila kufikiri. Ndipo kwenye dawati la nyuma akasimama mjukuu wa nyumba ya bati jekundu, naye na sentensi zake tano, na katika hizo michungwa ilikuwa imepandwa na mwingine kabisa. Nazo ziliandikwa vizuri. Nazo nikazipa vema.

Jioni, nikifunga ofisi, nikamkuta mzee kwenye benchi, kofia ya kiua kichwani, daftari la mjukuu wake limekunjwa ndani ya gazeti.

“Shikamoo mzee.”

“Marahaba. Mjukuu wangu kaniambia amepata vema.”

“Ndiyo mzee, ameandika vizuri sana.”

“Basi naomba muhuri wa shule hapa chini, nipeleke baraza la kata.”

Nilimweleza kwamba ile vema ni ya nukta na herufi kubwa tu, haihusiani na mipaka ya shamba. Akanisikiliza mpaka mwisho. “Mwalimu,” akasema, “vema ni vema.” Ilibidi aitwe mwalimu mkuu. Nilipokuwa nawaacha wakizungumza, nikamwona mzee wa bati jekundu anaingia getini na daftari lake.

Ijumaa mwalimu wa taaluma alipitia maandalio. Kwenye nafasi ya maoni wengi wetu huandika sentensi moja ileile mwaka mzima: somo limefundishwa na limeeleweka. Wiki hiyo niliona niandike ukweli, kuanzia fagio hadi mwembe, na kwa Historia nikaandika kwamba somo limeeleweka kupita kiasi. Akasoma, akageuza ukurasa, akauliza, “Mwalimu, haya ni maoni au unawaandikia ndugu zako barua?” Akasaini hata hivyo. Kwa maoni yangu, nafasi ile ndogo ya mistari miwili ndiyo sehemu pekee ya andalio inayostahili ukurasa mzima, na yale majedwali ya juu yangetosha kwenye mistari miwili.

Mzazi unayesoma hapa, sitakuomba fito wala fagio. Nakuomba jambo moja. Nikisahihisha madaftari hukutana na kazi za nyumbani zenye mwandiko wa kidato cha nne, nyingine zimepigiwa mstari kwa rula ya seremala, na mmoja alijibu swali la kugawanya kwa njia ambayo mimi mwenyewe niliisoma chuo. Zote sahihi, zote zinapata vema, na mtoto ukimwita ubaoni anakutazama tu. Jumatatu ijayo naanza kuzidisha kwa tarakimu mbili. Nitatoa maswali matano. Mwachie ayakosee mwenyewe, maana akikosa matatu nitajua pa kuanzia Jumanne.