Kiti Hiki Kina Mwenyewe

Maktaba ya mkoa wetu hufunguliwa saa tatu asubuhi, na saa tatu na robo imeshajaa. Mgeni akichungulia dirishani atadhani mji mzima umeamka na kiu ya vitabu. Aingie basi, atazame meza. Hakuna kitabu cha maktaba hata kimoja. Kuna madaftari, madesa, maswali ya mitihani iliyopita, na simu zimelazwa chali zikinywa umeme wa serikali. Vijana wa kidato cha nne na cha sita wameteka viti vyote, kila mmoja na karatasi zake alizotoka nazo nyumbani.

Na kiti usikiguse. Ukikuta daftari mezani na mwenyewe hayupo, jua amekwenda kula chipsi, na daftari hilo lina haki zote za binadamu. Siku moja nililisogeza kidogo tu, kwa ncha ya kidole. Meza nzima ikanijia juu: “Kuna mtu hapo, mzee!” Mtu mwenyewe alitokea baada ya adhuhuri, akalala.

Upande wa magazeti ni himaya ya wastaafu. Yupo mmoja anayelisoma gazeti kuanzia jina lake mpaka anwani ya mchapaji, haruki zabuni wala tangazo la aliyepotelewa na hati ya kiwanja. Mwombe ukurasa wa michezo uone: atakutazama juu ya miwani kana kwamba umemwomba figo. “Nikimaliza, kijana.” Kwa wale mimi ni mzee, kwa huyu ni kijana; kiti sipati kote kuwili.

Ukutani wamebandika KIMYA kwa herufi nyekundu. Agizo hilo ni letu sisi wasomaji. Haliwahusu watumishi, wanaoulizana bei ya nyanya kutoka kaunta hadi chumba cha ndani.

Mimi nilikuwa nimefuata Kusadikika ya Shaaban Robert. Kuifikia ni safari, na wa kulaumiwa ni Mmarekani Melvil Dewey, aliyetoa mpango wake wa kuipanga elimu yote ya dunia kwa namba mwaka 1876. Fasihi ikapewa 800. Wamarekani wakakaa mbele, 810, Waingereza 820, Wajerumani, Wafaransa na Wataliano wakafuata, na Waswahili tukasukumwa hadi 896, pale rafu inapoishia na ukuta kuanza. Kwetu hapo pameegeshwa pia mashine mbovu ya fotokopi. Kwa hiyo mtu aliyezaliwa na Kiswahili, akitaka kusoma Kiswahili, apite kwanza kwenye vitabu vya msaada: mwongozo wa kodi ya mapato ya Uingereza, na kitabu kinene cha kuendesha gari kwenye theluji, kipya kabisa, hakijafunguliwa. Sisi huku tunaomba mvua.

Nikainama nyuma ya mashine, nikakipata nilichokifuata. Mhuri wa mwisho wa kuazimwa ni wa mwaka 1994. Huyo wa 1994 alikipigia mstari kila sentensi, toka ya kwanza, ili asisahau zilizo muhimu.

Nikakipeleka kaunta. Dada wa pale akakigeuza mbele na nyuma, akamwita mwenzake naye aje akione.

“Unataka kuondoka nacho?”

“Ndiyo, kuazima.”

“Kadi unayo?”

Sikuwa nayo. Zilitakiwa picha mbili za pasipoti, barua ya serikali ya mtaa, na mdhamini mwenye ajira ya kudumu. Jirani yangu alikopeshwa bodaboda kwa karatasi chache zaidi, na bodaboda ina magurudumu, inaweza kukimbia.

“Si usomee hapahapa tu, baba? Ni bure.”

Hapahapa wapi? Nikarudi kwenye mashine ya fotokopi, nikaiegemea, nikaanza kusoma nimesimama. Sikufika mbali. Kijana mmoja aliinuka, akaacha daftari lake zamu kitini, akanifuata.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba.”

“Samahani, hicho kinatoka kwenye mtihani?”

“Hapana. Nasoma tu.”

Akanitazama kwa huruma ya kweli. “Pole,” akasema, akarudi kwenye madesa yake.