Pongezi kwa Kutoigusa Seva

Kwa Mkurugenzi wa TEHAMA,
Taasisi ya Umma (unajijua).

YAH: KUIKINGA SEVA YA BARUA PEPE DHIDI YA MABORESHO

Ndugu Mkurugenzi,

Husika na mada tajwa hapo juu.

Sisi wenye anwani za barua pepe kwenye seva yako tunakupongeza kwa msimamo usioyumba. Februari 2019 watengenezaji wa Exim, programu inayosafirisha barua pepe katika seva nyingi duniani, walitoa toleo la 4.92. Hukubabaika. Juni mwaka huohuo kampuni ya Qualys ikatangaza kwamba matoleo ya 4.87 hadi 4.91 yana tundu: mtu akipachika amri mahali pa anwani ya mpokeaji, seva badala ya kuikataa huitekeleza, tena kwa mamlaka ya juu kabisa ya mashine. Ukaelekeza suala lipitie kamati.

Tunasikia vijana wa idara yako walidai kuweka toleo jipya ni kazi ya muda mfupi. Vijana wana haraka! Kwanza hadidu za rejea, kisha upembuzi yakinifu, kisha semina elekezi Bagamoyo, maana tundu la seva halionekani vizuri bila upepo wa bahari.

Hata hivyo, mvamizi naye apewe haki yake. Qualys walieleza kwamba kwenye mipangilio ya kawaida, anayeingilia kutoka mbali hulazimika kushikilia muunganisho kwa siku 7, akituma baiti moja kila baada ya dakika chache. Siku 7 mfululizo, Jumapili ikiwemo, bila posho ya kikao wala chai ya saa nne! Mei 2020 Shirika la Usalama wa Taifa la Marekani likatahadharisha kwamba Sandworm, wadukuzi wa ujasusi wa kijeshi wa Urusi, walikuwa wakilitumia tundu hilo tangu angalau Agosti 2019. Wenzetu hao walisoma tangazo la Juni wakalifanyia kazi. Wewe uliligonga muhuri, ukaliingiza kwenye faili.

Kwa hiyo tunapendekeza: kwa kuwa mvamizi hakosi kazini, anaijua seva kuliko kamati nzima, na anasoma barua zetu zote ambazo wewe hujawahi kujibu, apewe ajira ya kudumu. Kitengo cha malalamiko kingemfaa.

Naomba kuwasilisha.

Mtumiaji Mvumilivu

Nakala: Mvamizi, ndani ya seva – kwa taarifa tu, ingawa atakuwa ameshaisoma.